Aneksi isimame kwa miguu yake

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba, Ankoro, juu ya kuongeza vyumba na garaji kwenye nyumba za wazee. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka Kalemie, Lubumbashi na ng'ambo.



Tunajua kila mmoja ameacha kazi yake kwa kufika hapa, wengine wametoka mbali na kinga, wengine wamevuka mto. Hatutawachelewesha. Lakini jambo la leo ni zito, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana baada ya maneno haya tutawaomba muamue.

Zamani maombi yaliyofika kwenye komite yalikuwa ya aina moja: malata ya kufunika nyumba ya kwanza, mlango, misumari. Mtu alitaka pa kulala asinyeshewe, basi. Sasa maombi yamebadilika. Mtu anasema: nyumba ya tata ingali imesimama, ninataka kuongeza vyumba viwili pembeni. Mwingine anasema: nimepata pikipiki, ninataka garaji. Sisi tunafurahi, maana mtu anayeongeza nyumba ni mtu aliyeamua kubaki. Lakini tumeona pia kwamba njo hapa ugomvi unaanzia, na njo hapa kuta zinaangukia. Ndiyo sababu tunataka tuongee.

Neno letu ni moja tu, na yote tutakayosema yanatoka kwake: aneksi isimame kwa miguu yake. Isimame kwa miguu yake ndani ya udongo, isiegemee ukuta wa zamani. Na isimame kwa miguu yake kwa sheria, isiegemee ukimya wa ndugu ambao hawapo.

NYUMBA HIZI NI NYUMBA GANI

Tukumbuke kwanza ni nyumba gani tunataka kuziongeza. Nyingi zilijengwa na wazee wetu kwa matofali mabichi, udongo wa hapa hapa. Kuna waliofanya kazi kwenye mgodi wa Manono, wakarudi na malata na akili ya ufundi. Wengine walijenga kwa samaki, kwa pamba, kwa mafuta ya mawese. Halafu vita vikaja. Tangu 1998 tulikuwa katikati ya majeshi. Mwezi wa 11 mwaka 2002, wakati wa mapigano kati ya jeshi la serikali na Mai-Mai hapa hapa Ankoro, nyumba maelfu zilichomwa na watu wetu wakauawa. Kesi ile ilihukumiwa na mahakama ya kijeshi kule Lubumbashi mwaka 2004. Hatusemi haya kwa kufungua vidonda. Tunayasema kwa sababu ukuta uliochomwa na kukaa miaka bila paa hauko sawa na ukuta uliokaa chini ya malata, hata kama kwa macho unafanana nao.

Watu wakatawanyika. Kuna waliokwenda Kabalo, Malemba-Nkulu, Lubumbashi. Kuna waliofika kwenye kambi za Zambia, na wengi wa huko walirudishwa kati ya 2007 na 2010. Kuna waliovuka ziwa mpaka Tanzania. Halafu, wengine wakiwa wamekwisha kurudi, ugomvi wa Waluba na Watwa ulitutoa tena, kuanzia 2013, na watu wa teritware yetu ya Manono wakajikuta kwenye kambi za pembeni ya Kalemie. Njo maana katika familia moja hatukurudi siku moja. Mmoja amerudi miaka kumi na tano iliyopita, mmoja mwaka jana, mmoja angali Nyarugusu, mmoja hatujui alipo. Na nyumba ya tata iko moja.

KARATASI KABLA YA TOFALI

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani, ila kila mmoja hapa ataona jirani yake ndani yake. Tata amekufa. Mama angali hai, anaishi ndani ya nyumba ile. Watoto wako sita, wanaume watatu, wanawake watatu. Mtoto wa tatu anarudi wa kwanza. Ana franga kidogo, anaongeza vyumba viwili na garaji. Anafanya vizuri, anamtunza mama. Miaka minane inapita. Ndugu wawili wanarudi na watoto wao, wanakuta nyumba imekuwa kubwa na mlango uko na kufuli. Aliyejenga anasema: hapa ni jasho langu. Waliorudi wanasema: hapa ni kwa tata. Wote wawili wanasema kweli. Na kwa sababu hakuna karatasi, kweli mbili zinakuwa vita.

Sheria inasema nini? Kode ya Familia ni sheria nambari 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Pale ambapo marehemu hakuacha neno lake la mwisho, Kode inawapa watoto robo tatu za mali yake. Watoto wote, bamama na bababa sawasawa, waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini akawakubali akiwa hai, na wale aliowachukua kuwa wanawe kwa sheria. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tunaomba mlisikie vizuri hilo: dada yako aliyeolewa Bukama, fungu lake liko. Baba mdogo anayesema kwamba nyumba ya kaka yake imekuwa yake yote, sheria haimpi hivyo.

Tena Kode inamlinda mjane. Nyumba aliyoishi na mume wake, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia. Kwa hiyo anayekuja kujenga aneksi hawezi kumwambia mama ahamie jikoni ili fundi apitishe msingi. Na hapa tunaongeza neno ambalo haliko kwenye sheria ila liko kwenye akili: dirisha la mama lisizibwe. Tumeona aneksi zinazobandikwa palepale kwenye dirisha la chumba cha zamani, chumba kinabaki giza, hakina hewa, ukuta unaanza kutoa jasho. Kama hakuna pengine pa kujenga, basi fungueni dirisha lingine kwanza, upande wa pili, ndipo mzibe la kwanza.

Na udongo wenyewe? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kukaa na kujenga. Wachache hapa wana cheti cha kuandikishwa. Wengi tuna karatasi ya shefu, au tuna ushuhuda wa majirani tu. Kama iko hivyo, maneno ya majirani na ya shefu njo ukuta wetu wa kwanza, tuyaandike kabla wazee wanaokumbuka mipaka ya lupango hawajatuacha. Na mwenye kujenga apite kwanza kwa shefu na kwa ofisi ya urbanisme, aulize ruhusa ya kujenga, asingoje mtu aje kusimamisha kazi ukuta ukiwa kwenye linto.

Karatasi ya familia iseme nini? Haihitaji Kifaransa kikubwa. Iseme mambo matano. Lupango ni ya nani, na mipaka yake ni ipi. Warithi ni akina nani, wote kwa majina, hata wasiokuwepo. Nyumba ya zamani inaishia wapi na aneksi inaanzia wapi, kwa metre. Aliyejenga ametia nini: matofali, malata, simenti, kazi. Na jambo la tano, ambalo watu wanalikimbia: siku ya kugawana, jasho lake litahesabiwa namna gani.

Kwa jambo hilo la tano kuna njia tatu, na familia ichague moja. Njia ya kwanza: aneksi ni ya familia yote, ila aliyejenga anakaa ndani bila kulipa, kwa miaka mliyokubaliana. Njia ya pili: alichotia kinaandikwa kama deni la familia kwake, na siku ya kugawana analipwa kwanza. Njia ya tatu: lupango inagawanywa mapema, naye anajenga kwenye kipande chake. Hii ya tatu ni ngumu zaidi, maana inahitaji wote, lakini ikiwezekana njo bora.

Na wale walio mbali? Simu iko. Wapigiwe mbele ya mashahidi wawili wasio wa familia, jina lao na siku viandikwe, ujumbe wa sauti utunzwe. Aliye kambini anaweza kumpa mtu mwingine kwa karatasi ruhusa ya kusema kwa niaba yake. Na yule ambaye hatujui alipo, jina lake liandikwe vilevile, na nafasi yake iachwe. Kumwandika asiyekuwepo hakumpunguzii mtu kitu. Kumfuta kunaweza kumwaga damu.

Kuna wanaotuambia: sisi ni damu moja, karatasi ya nini? Tunawajibu kwa heshima. Karatasi haiji kwa sababu hatupendani. Inakuja kwa sababu watoto wetu hawatakuwepo siku tulipokubaliana.

UKUTA WA ZAMANI

Sasa tuingie shantye. Kabla ya kuongeza chochote, chunguzeni ukuta wa zamani. Kazi hii haihitaji franga.

Funga jiwe kwenye uzi, lining'inize toka juu ya ukuta. Kama chini uzi unaachana na ukuta kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, ukuta umelala. Chukua msumari, kwaruza chini, mahali maji ya mvua yanaporuka. Kama udongo unamwagika kama unga, mguu wa ukuta umeliwa. Tazama nyufa: ufa mwembamba wa plasta si kitu, lakini ufa unaopita toka pembe ya dirisha mpaka chini, na mkono unaingia, huo ni ufa wa msingi. Tafuta njia za mchwa kwenye miti ya paa. Na mahali palipochomwa, gonga. Tofali bichi lililopata moto kidogo tu upande mmoja linatoka vipande, nje gumu, ndani limeoza.

Kama mguu wa ukuta umeliwa, tengeneza huo kwanza. Unatoa udongo mbovu kwa vipande, metre moja moja, si ukuta mzima kwa siku moja, na unajaza kwa mawe au tofali za kuchoma. Ni afadhali mwaka huu kutengeneza mguu wa nyumba ya tata, aneksi ingojee mwaka ujao. Mtu anayeongeza nyumba mpya kwenye nyumba inayoanguka ataishia na nyumba mbili zinazoanguka.

MSINGI NA UFA WA MAKUSUDI

Kosa linaloonekana sana ni hili: fundi anakata meno kwenye ukuta wa zamani, anaingiza matofali mapya ndani yake, anasema sasa zimeshikana. Hazijashikana. Nyumba ya zamani imekwisha kukaa, udongo chini yake umekwisha kushuka miaka arobaini. Nyumba mpya bado itashuka, mvua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikishuka inavuta ya zamani, na tofali bichi halijui kuvutwa. Linapasuka.

Kwa hiyo tuache ufa wa makusudi. Ukuta mpya uwe na msingi wake, na usimame pembeni ya ule wa zamani, na nafasi ya sentimetre tatu hivi kati yao. Nafasi hiyo inafunikwa kwa kipande cha lata kilichopigiliwa upande mmoja tu, ili kila nyumba iweze kucheza peke yake. Mlango wa kupita toka nyumba ya zamani kwenda mpya, kama ni lazima, utumie mlango au dirisha lililokuwepo, msitoboe ukuta mpya kwenye tofali bichi bila kutia linto kwanza.

Ardhi yetu si ya kulala usingizi. Mwezi wa 9 mwaka 1992 ilitetemeka Kabalo, jirani zetu hapo chini ya mto, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Tarehe 5 Desemba 2005 ilitetemeka tena chini ya Ziwa Tanganyika, nguvu ya 6.8, na Kalemie nyumba zilianguka. Siku kama hiyo, nyumba mbili zenye uzito tofauti, moja ya udongo, moja ya tofali za kuchoma, zinagongana pale zilipounganishwa. Sentimetre tatu hizo hazimalizi hatari, lakini zinapunguza.

Kuchimba msingi pembeni ya nyumba ya udongo ni kazi ya hatari. Msichimbe chini kuliko msingi wa zamani ulipofika mkiwa karibu nao. Chimbeni kipande cha metre moja, jazeni siku ileile, ruka, chimbeni kingine. Kama lupango inaruhusu, afadhali kuacha nusu metre au zaidi kati ya nyumba mbili, mkaifunika kwa paa dogo kama baraza. Na msifanye kazi hii mvua ikiwa imeanza. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 njo wakati wake.

Sisi wa Ankoro tunakaa pale Luvua inapokutana na Lualaba, kwa hiyo maji si habari ya kusikia. Mwaka 2024 ndugu zetu wa Kalemie waliona ziwa likipanda na kuingia nyumba za ufukoni. Hapa kwetu, sakafu ya aneksi ipande juu ya udongo, nusu metre pale palipo chini, na nusu metre hiyo ijengwe kwa mawe au tofali za kuchoma. Juu yake mnaweza kuendelea na tofali bichi zilizokauka vizuri. Si lazima ukuta wote uwe wa kuchoma. Kila tanuru linakula miti, na wote tunaona bamama sasa wanatembea umbali gani kutafuta kuni.

PAA

Paa la aneksi lisiendelee kutoka kwenye paa la zamani kwa misumari. Liwe paa lake, la mgongo mmoja, lianzie chini ya ukingo wa malata ya zamani, na lishuke kwenda nje. Hatari kubwa ni bonde kati ya mapaa mawili, pale maji yote yanapokutana. Bonde hilo likiwa juu ya ukuta wa udongo, ndani ya miaka miwili ukuta umekwisha. Kama hamwezi kuliepuka, wekeni mfereji wa lata pana, wenye mteremko, unaotoa maji mbali na msingi. Na ukingo wa malata utoke nje sentimetre sitini, kulinda mguu wa ukuta. Anayekata malata mafupi ili kubakiza lata moja, atalipa lata hilo kwa plasta kila mwaka.

GARAJI

Kuna wafadhili wetu waliouliza kwa uaminifu: kwa nini watu waliorudi toka kambi wanataka garaji? Magari yako wapi? Tunawajibu. Garaji ya Ankoro mara nyingi haingojei gari. Inangojea pikipiki ya taksi, inangojea kinga nne zinazobeba samaki na mawese kwenda Manono, inangojea mota ya mtumbwi, mashine ya kusaga, magunia ya mahindi. Kitu kinacholala nje kinaibiwa au kinakula kutu. Kwa familia nyingi garaji njo mlango wa riziki. Na sasa watu wanaongea juu ya lithium ya Manono, kwamba magari yatakuja, kwamba barabara itatengenezwa. Inawezekana. Sisi tunasema: jenga garaji ya kazi uliyo nayo leo, ila mlango wake uache uweze kupanuliwa kesho.

Vipimo. Pikipiki na kinga zinaridhika na mlango wa metre moja na nusu. Gari linataka metre mbili na nusu kwa uchache, pikapu iliyobeba inataka karibu tatu. Urefu wa ndani kwa gari uwe metre tano na nusu au sita, ili mtu aweze kuzunguka. Asiyekuwa na gari, ajenge ya pikipiki, ila atie linto ya gari tangu mwanzo, halafu ajaze pembeni kwa tofali. Siku ya gari atatoa tofali tu, linto itakuwa imekwisha kukaa.

Linto hiyo isiwe mti. Mti unaliwa na mchwa, na juu yake kuna uzito wa ukuta na paa. Iwe beto yenye vyuma vinne vya milimetre kumi na mbili, imekaa sentimetre thelathini kila upande juu ya nguzo ya tofali za kuchoma, si ya tofali bichi. Kwa mlango wa metre 2.60, linto inakuwa metre 3.20. Ikiwa upana ni sentimetre 20 na kimo 25, hiyo ni metre kyube 0.16. Beto ya vyuma inataka mifuko saba ya kilo hamsini kwa metre kyube moja. Piga hesabu: mfuko mmoja na sehemu kidogo. Kwa hiyo fundi akikuambia mifuko mitano kwa linto moja, muulize minne inakwenda wapi.

Sasa jambo la uhai. Wengi wanatunza esansi kwenye bido, wengine ni kadafi, wanauza njiani. Harufu ya esansi ni nzito kuliko hewa. Haipandi, inatambaa chini kama maji mpaka inakuta mbabula ya jikoni. Kwa hiyo sakafu ya garaji iwe chini ya sakafu ya nyumba, kizingiti cha sentimetre kumi na tano kati yao, na mteremko wa sentimetre mbili kwa kila metre kuelekea nje. Bido zisilale ndani ya garaji iliyoshikana na chumba cha watu. Ziwe na kibanda chao, mbali, chenye hewa. Na grupu isiwashwe ndani ya garaji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunuka. Watu wanalala nayo, hawaamki. Kuta za garaji ziwe na klostra chini na juu, na kati ya garaji na chumba cha kulala kusiwe na mlango wala tundu.

Tena mafuta machafu ya mota yasimwagwe kwenye mfereji unaokwenda kisimani. Kila mtu anajua maji ya lupango yake yanakimbilia wapi. Atazame kabla ya kuweka mteremko.

SIMENTI NA MPANGO WA KAZI

Simenti ya hapa inakuja kwa safari ndefu: toka Lubumbashi, au toka Kabimba karibu na Kalemie, kwa reli inapotembea mpaka Kabalo, halafu kwa boti kupandisha mto. Bei inabadilika na njia. Kwa hiyo simenti inunuliwe mwisho, si mwanzo. Mfuko uliokaa miezi mitatu chini, kwenye unyevu, umekuwa jiwe. Kwanza mawe, mchanga wa mto uliooshwa, tofali. Hivyo tunaweza kuvikusanya kwa mikono yetu. Kujua idadi ya tofali, panga tofali chini kavu kwenye kipimo cha metre moja kwa metre moja, zihesabu, zidisha kwa ukubwa wa kuta. Usikubali idadi ya fundi kabla hujafanya hivyo. Malata yawepo kabla ukuta haujafika juu, maana ukuta wa tofali bichi bila malata mwezi wa 10 ni ukuta wa kuomba Mungu.

PENDEKEZO LA KOMITE

Mfuko wa chama ni mdogo, na tunazungusha kama likelemba: kinachorudi njo kinamsaidia anayefuata. Kwa hiyo komite inapendekeza haya.

Kwanza, chama hakitatoa malata, simenti wala siku za salongo kwa aneksi yoyote isiyo na karatasi ya familia, yenye majina ya warithi wote, saini ya mama kama yuko hai, na mashahidi wawili.

Pili, kabla ya kutoa, wanamemba wawili wanaojua kazi ya masoni watakwenda kutazama ukuta wa zamani. Wakisema mguu utengenezwe kwanza, msaada utaanzia hapo.

Tatu, vyumba vya kulala vitatangulia garaji. Lakini garaji inayolinda chombo cha kazi itahesabiwa kama kazi, si kama fahari, na itapewa mkopo, si zawadi.

Nne, mwanamke anayejenga kwenye lupango ya baba yake atasikilizwa sawasawa na kaka yake. Tumepata maombi ambayo familia iliyazuia kwa sababu aliyeomba ni dada. Chama hakitakuwa kuta za kufichia jambo hilo.

Tano, wafadhili wetu watapata nakala ya hesabu ya kila aneksi: nini kilitoka, nini kiliingia ukutani. Majina ya familia yatabaki kwetu.

Tunajua shauri la kwanza litawaumiza wengine. Kuna mwanamemba ambaye karatasi yake itachukua mwaka mzima kwa sababu kaka yake hapatikani. Atatuambia: mvua haingojei karatasi. Ni kweli. Kwa mtu kama huyo komite inapendekeza chama kimsaidie mara moja kutengeneza nyumba ya zamani, paa lake na mguu wake, maana kutunza nyumba ya tata hakumnyang'anyi mtu haki. Mjane asinyeshewe kwa ajili ya karatasi. Lakini kuongeza, tungoje.

Ndugu, wale waliochoma nyumba zetu walidhani wamemaliza neno. Hawakumaliza, maana tumerudi. Sasa itakuwa aibu kama kile ambacho moto haukukimaliza kitamalizwa na sisi wenyewe, ndugu kwa ndugu, mbele ya mlango wenye kufuli.

Maswali ni sasa. Halafu tutanyosha mikono, shauri moja moja, tukianza na lile la karatasi.